Jambo Moja Lisilowezekana: Utangulizi wa Filamu za Kubuni za Kisayansi

Februari 2016, kwenye utoaji wa tuzo za Oscar mjini Los Angeles, filamu tano zilishindania tuzo ya madoido ya picha. Nne zilikuwa kazi zilizomeza fedha nyingi: Star Wars: The Force Awakens, Mad Max: Fury Road, The Martian na The Revenant. Ya tano ilikuwa Ex Machina ya Alex Garland, iliyogharimu takriban dola milioni 15, yenye wahusika wanne na nyumba moja milimani. Tuzo ilikwenda kwa hiyo ya tano.

Ninaanza na habari hii kwa kuwa inampa mgeni mlango mzuri wa kuingilia uwanja wetu. Wengi hufika wakiamini kwamba filamu ya kubuni ya kisayansi ni mambo makubwa: majeshi ya roboti, miji inayoporomoka, sayari zinazopasuka. Imani hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1902 Georges Méliès alitengeneza Le Voyage dans la Lune, akawaduwaza watu kwa mazingaombwe ya kamera, na tangu siku hizo sinema imejua kwamba kustaajabisha kunauza tiketi. Mwaka 1965 Susan Sontag aliandika insha ambayo bado tunaisoma, akisema kwamba filamu hizi hazihusu sayansi hata kidogo; zinahusu maangamizi, na raha yake ni raha ya kutazama vitu vikiharibika. Kuhusu filamu nyingi alizokuwa akizitazama, alisema kweli. Ila upo mkondo mwingine, mwembamba, usiopiga kelele, na kwa maoni yangu ndimo zilimo filamu bora za utanzu huu. Mkondo huo ndimo ninamokukaribisha.

Kisa cha Ex Machina ni hiki. Caleb, kijana mtunga programu, anashinda shindano katika kampuni anayoifanyia kazi, na zawadi yake ni kukaa wiki moja nyumbani kwa mwenye kampuni, Nathan, mbali na watu. Akifika anaelezwa alichoitiwa hasa: azungumze na Ava, mashine yenye uso wa msichana, kisha aseme kama ana fahamu au anaigiza tu. Yupo pia Kyoko, mtumishi asiyesema neno. Basi, hao ndio watu wote. Filamu imegawanywa kwa vikao vya mazungumzo, kila kikao na namba yake, na kati ya Caleb na Ava umesimama ukuta wa kioo. Waigizaji hawakupigwa picha mbele ya kitambaa cha kijani. Mafundi walipiga pia picha za mahali palepale bila Alicia Vikander, mwigizaji wa Ava, ili wajue nyuma yake palikuwa na nini; kisha wakaufanya mwili wake upenyeke kwa macho, tumbo na mikono vionyeshe mitambo iliyomo ndani. Ufundi wote ukamiminwa kwenye mwili mmoja. Hakuna kingine cha kushangaza humo, kwa hiyo jicho la mtazamaji halina pa kukimbilia. Linabaki palepale swali lilipo: ndani ya umbo hili linalopitisha nuru, yumo mtu?

Kanuni iliyo chini ya ufundi huu ina umri mkubwa. H. G. Wells, katika dibaji aliyoiandikia riwaya zake za kisayansi mwaka 1933, alieleza bila kuficha jinsi alivyofanya kazi. Mwandishi amshawishi msomaji akubali jambo moja lisilowezekana, upesi, kabla hajapata nafasi ya kubisha. Baada ya hapo yote mengine yawe ya kawaida, ya kibinadamu, ya kila siku. Akilundika miujiza, msomaji anaacha kujali. Mwaka 1979 mhakiki Darko Suvin aliijengea hoja kama hiyo nadharia kamili: ulimwengu wa hadithi ya kisayansi hutengwa na wetu na kitu kipya, na kila tofauti nyingine ni lazima itokane na kitu hicho kwa mantiki. Fikiria bao. Ondoa kete moja katika shimo moja, na mchezaji hodari anaona hesabu nzima ikibadilika, hadi upande wa mwenzake.

Ningependa kuongeza jambo ambalo Wells, akiandika kuhusu riwaya, hakulazimika kulifikiria. Msomaji wa riwaya akipotea anarudi ukurasa wa nyuma. Mtazamaji sinemani harudi popote; picha zinakwenda naye au zinamwacha. Katika saa moja na nusu anaweza kujifunza sheria moja mpya ya ulimwengu na kuielewa barabara. Akipewa tano atazisikia tu, kama mtu anayesomewa masharti ya benki. Na sheria isiyoeleweka haimtishi mtu. Hapo ndipo nguvu ya usimulizi wa kujizuia inapotoka: filamu inakufundisha jambo moja kwa kina hadi unaanza kuliogopa, au kulitamani, kabla wahusika wenyewe hawajaligundua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Primer ya Shane Carruth. Carruth alisomea hisabati na aliwahi kuwa mhandisi wa programu. Aliandika, akaongoza, akaigiza, akahariri na kutunga muziki wa filamu hii kwa takriban dola 7,000, na mwaka 2004 ikatwaa tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la Sundance. Vijana wawili, Aaron na Abe, wanafanya kazi za ufundi kwenye gereji, na bila kukusudia wanaunda sanduku linalomrudisha mtu nyuma katika wakati. Tazama sasa sheria yake ilivyo. Sanduku haliruki karne. Ukiliwasha saa 2 asubuhi, ukaingia saa 8 mchana, itakubidi ulale ndani yake saa sita nzima, na utakapotoka itakuwa saa 2 asubuhi ya siku ileile. Huwezi kurudi nyuma ya dakika lilipowashwa. Kila saa unayoiiba, unailipa kwa saa ya mwili wako, gizani, ukipumua hewa ya chupa. Na kwa siku nzima mjini mko wawili: wewe uliyekwisha kutoka na wewe ambaye bado hujaingia. Kwa hiyo yule ambaye bado hajaingia anajifungia chumba cha hoteli, asipige simu, asionekane, asije akaharibu chochote.

Hakuna nuru ya zambarau, hakuna ngurumo. Kuna mashati meupe, tai, hesabu za hisa na maghala ya kukodi. Lakini ukishaielewa sheria, kila jambo dogo linakuwa na uzito wa ajabu. Simu ikilia mfukoni mwa Aaron, mtazamaji anatetemeka, maana anajua ni Aaron yupi hakupaswa kuwa na simu. Kadiri wanavyolitumia sanduku, masikio yao yanatoka damu na mwandiko wao unaharibika; na urafiki wao unaharibika vivyo hivyo, kwa kuwa kila mmoja anaanza kujiuliza mwenzake huyu ametoka asubuhi ipi. Sitaficha kwamba katika theluthi ya mwisho Carruth amepitiliza. Ameyasokota matukio hata mtazamaji makini anahitaji karatasi na kalamu. Hata hivyo uaminifu wake kwa sheria yake mwenyewe ni wa kupigiwa mfano, na wanafunzi wanaoitazama mara ya pili hukuta karibu kila walichodhani ni kosa kina sababu yake.

Miaka zaidi ya arobaini kabla yake, Mfaransa Chris Marker alikwenda mbali zaidi, hadi kuinyima sinema kile tunachodhani ndicho uhai wake. La Jetée ya mwaka 1962 ina dakika 28, na karibu yote ni picha za mnato, moja baada ya nyingine, na sauti ya msimulizi. Vita vya tatu vya dunia vimeiteketeza Paris; walionusurika wanaishi chini ya ardhi. Wanasayansi wanamtafuta mtu wa kutumwa katika wakati uliopita, na wanamchagua mfungwa mmoja kwa sababu moja: ana kumbukumbu ya utotoni iliyomganda, sura ya mwanamke aliyoiona kwenye uwanja wa ndege wa Orly. Kumbukumbu hiyo ndiyo chombo chake cha safari. Jiulize, je, tunakumbukaje? Mara nyingi kwa picha zilizosimama: uso, mkono mlangoni, nguo ya siku fulani. Marker hakuchagua picha za mnato kwa ajili ya kubana matumizi tu. Umbo la filamu yake ni sheria ya hadithi yake. Kisha, mara moja tu, kwa sekunde chache, mwanamke yule aliyelala anafumbua macho, na picha inacheza. Nimeona darasa zima likishika pumzi hapo. Katika filamu ya kawaida mtu hufumbua macho na hakuna anayejali. Mwaka 1995 Terry Gilliam aliichukua hadithi hii kuwa msingi wa 12 Monkeys, filamu ndefu na tajiri, nayo ni nzuri. Ila haina sekunde zile.

Kujizuia kwa aina nyingine ni kule kwa nani anaonekana na nani haonekani. Moon ya Duncan Jones, ya mwaka 2009, ilitengenezwa Uingereza kwa takriban dola milioni 5, magari yake ya mwezini yakiwa vielelezo vidogo vilivyopigwa picha. Sam Bell, aliyeigizwa na Sam Rockwell, yuko peke yake kwenye kituo cha uchimbaji upande wa mbali wa mwezi. Mkataba wake ni wa miaka mitatu na umekaribia kwisha. Mawasiliano ya moja kwa moja na dunia yameharibika, ameambiwa. Anapata ujumbe uliorekodiwa tu, wa mkewe na wa kampuni. Baada ya ajali anazinduka, na muda si mrefu anamkuta kituoni Sam Bell mwingine. Hapa mwongozaji mwenye haraka angetupeleka duniani, makao makuu, mahakamani, barabarani kwenye maandamano. Jones anakataa kutoka chumbani. Anawaacha Sam hao wawili wacheze mpira wa meza, wagombane, wauguzane. Mmoja amelainishwa na upweke wa miaka mitatu. Mwingine bado ana hasira zilezile alizoondoka nazo nyumbani. Kwa hiyo tunaona kwa macho kitu ambacho riwaya ingelazimika kukisimulia: kile ambacho miaka inamfanyia mtu. Na kampuni, kwa kuwa haionekani ila kwenye skrini, inakuwa kubwa na baridi kuliko jengo lolote ambalo mafundi wangelijenga. Msomaji mwenye ndugu aliyekwenda Ghuba kwa mkataba, akawa anaishi kwa ujumbe wa sauti na kuhesabu miezi, hatahitaji mhakiki wa kumweleza filamu hii inahusu nini.

Kutoonyesha ni ufundi wenye historia yake. Katika Alien ya Ridley Scott, ya mwaka 1979, ndani ya vazi la kiumbe yule alikuwamo Bolaji Badejo, Mnigeria kijana, mrefu mno na mwembamba, aliyekuwa akisomea usanifu wa michoro London. Scott alimwonyesha kwa vipande: mkono, taya, kichwa kinachong'aa gizani. Vazi zima kwenye mwanga lingekuwa vazi. Gizani, watazamaji wenyewe walilikamilisha, na hakuna fundi anayeshindana na hofu ambayo mtu amejitengenezea. Denis Villeneuve alikuwa na fedha nyingi zaidi alipotengeneza Arrival mwaka 2016, kutokana na hadithi fupi ya Ted Chiang, na bado akachagua njia hiyo. Vyombo 12 kutoka angani vimetua duniani. Mwanaisimu Louise Banks yuko darasani. Simu za wanafunzi zinaanza kulia, mmoja anaomba televisheni ifunguliwe. Kamera haituonyeshi televisheni. Inabaki kwenye uso wa Louise. Baadaye filamu inakaa na chombo kimoja tu, kule Montana, na kwa saa mbili swali lake ni lilelile: utamuulizaje swali mtu ambaye hujui hata kama anajua swali ni nini? Hiyo ni filamu ya wageni wa angani ambamo tukio kubwa ni mtu kuandika jina lake ubaoni.

Tahadhari inahitajika hapa, kwa sababu wanafunzi wapya huondoka na fundisho lisilo sahihi. Ufinyu peke yake si fadhila. Ziko filamu nyingi za chumba kimoja na watu watatu ambazo hazina lolote ndani; zimeficha kwa kuwa hazina cha kuonyesha, na ukimya wake ni wa mtu asiyejua jibu. Kipimo changu ni hiki: je, mtengenezaji anajua kilichoko nje ya fremu? Ukitazama Coherence ya James Ward Byrkit, iliyopigwa kwa usiku tano nyumbani kwake mwenyewe, waigizaji wakipewa maelezo ya siku hiyo bila kuujua mkasa mzima, unaona kwamba wao hawajui lakini yeye anajua. Kometi inapita, umeme unakatika, na mtaani ni nyumba moja tu yenye taa. Kila mkanganyiko baada ya hapo unahesabika. Wala ukubwa si dhambi. 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1968, ni kubwa kwa kila kipimo, lakini sehemu yake inayouma ni ya mtu mmoja akizima kumbukumbu za kompyuta moja, polepole, huku sauti ya kompyuta hiyo ikiomba. Kubrick alijua lini afunge milango.

Urefu nao usitudanganye. Stalker ya Andrei Tarkovsky, ya mwaka 1979, inapita saa mbili na nusu, na hakuna filamu iliyojizuia kuliko hiyo. Wanaume watatu wanaingia Eneo, mahali palipoharibiwa na jambo lisiloelezwa, wakitafuta chumba kinachotimiza matakwa ya ndani kabisa ya moyo. Eneo limejaa mitego, anasema kiongozi wao. Tunachoona ni majani, maji, mabomba yenye kutu. Ili kujua njia, anarusha nati iliyofungwa kitambaa, wanatembea hadi ilipoangukia, anarusha tena. Hiyo tu. Nyasi zile, zilizopigwa picha Estonia, hazina tofauti na nyasi nyingine. Lakini baada ya nati ya tatu huwezi kuzitazama kwa amani. Tarkovsky ameiweka hatari yote kwenye namna mtu anavyoweka mguu wake chini.

Na sasa kazi iliyo karibu nasi. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi, filamu ya takriban dakika 21, iliyopigwa Afrika Kusini na kuonyeshwa Sundance mwaka uliofuata. Vita vya tatu, vita vya maji, vimekwisha miaka 35 iliyopita. Watu wa Maitu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wakizalisha umeme kwa mazoezi ya miili yao. Asha, mtunza makumbusho, anapokea kisanduku cha udongo ambao haustahili kuwapo: una unyevu, hauna sumu ya mionzi. Anapanda mbegu, inachipua, anaomba ruhusa ya kutoka nje, Baraza linamkatalia. Jambo lisilowezekana katika filamu hii ni mche kuota. Angalia jinsi Kahiu anavyotufundisha bei ya maji kabla ya kutuomba tulie: jasho linakamuliwa na kusafishwa hadi linyweke, kila mmoja na kichupa chake, na Asha anamgawia maji mwanamke anayefagia chooni. Hakuna hotuba kuhusu mazingira. Kufikia Asha anapotoka kwenda jangwani na chupa yake na mche wake, tunajua thamani ya kila tone, naye akilimwaga hatuhitaji kuambiwa amefanya nini. Husikika mara nyingi, Nairobi na Dar es Salaam, kwamba sisi hatuwezi kutengeneza filamu za kisayansi kwa kuwa hatuna fedha za Marekani. Dakika hizi 21 zinajibu vizuri kuliko mimi. Kilichohitajika ni mtu aliyejua ni kitu gani kimoja atakibadilisha katika dunia, na ni nani atakayelipa.

Kwa anayetaka kuanza, ningeshauri atazame La Jetée na Pumzi kwa siku moja. Kwa pamoja hazifiki saa nzima. Baada ya kila moja aandike, kabla hajasoma uhakiki wowote, sheria ya ulimwengu ule kwa sentensi moja. Akishindwa, atazame tena. Kisha Moon na Ex Machina, akiorodhesha kila kitu anachokijua kuhusu dunia ya nje ya kituo na ya nyumba, na kila mara ajiulize amekijuaje. Atashangaa orodha ilivyo ndefu, na jinsi alivyovionyeshwa vichache. Primer aitazame mara mbili, mara ya pili na mwenzake wa kubishana naye, maana ubishi juu ya nani ametoka sandukuni saa ngapi ni sehemu ya kuielewa. Arrival aitazame pamoja na kuisoma hadithi ya Chiang, aone Villeneuve alipunguza nini na kwa nini. Stalker aiache ya mwisho, siku asiyo na haraka, simu ikiwa chumba kingine, na asijilaumu akichoka katikati: apumzike, arudi palepale aliposimamia, na aangalie nati inaangukia wapi.